Mbuzi Wawili wa Chicago

Katika filamu ya Alex Gibney, Catching Hell, iliyotoka mwaka 2011, kuna kipande kifupi kinachoeleza zaidi ya mahojiano yote yaliyomo. Ni usiku wa tarehe 14 Oktoba 2003, uwanja wa Wrigley Field, Chicago. Kijana mmoja mwenye kofia ya Cubs na vipokea sauti masikioni ameketi jukwaani, macho mbele, hatikisiki. Watu walio nyuma yake na juu yake wanamzomea, wanamtupia vitu, wanammwagia bia. Yeye na wao wamevaa rangi zilezile. Wanashabikia timu moja, na saa ile wana uchungu mmoja.

Sitamtaja jina. Alishatajwa vya kutosha, na tangu usiku ule ameishi kimya, hakuuza kisa chake, wala hakukubali kuhojiwa na Gibney. Lakini tukio lake limezaa maandishi mengi, na maandishi hayo ni tawi moja tu la ukoo mkubwa: fasihi ya Wamarekani kuhusu kushindwa katika besiboli. Ni vigumu kupata mchezo mwingine ulioandikiwa maombolezo mengi kiasi hicho. Nimekuwa nikiyasoma kwa miaka kadhaa, mimi niliyekulia kwenye soka na nisiye na timu yoyote ya kuitetea huko Marekani. Kila nisomapo huwa na swali lilelile: timu ikishindwa, je, maandishi yanamsaidia shabiki kulia, au yanamsaidia kutafuta mchawi?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuangalia besiboli, mambo matatu yanatosha. Kwanza, mchezo huu hauna saa. Una ngwe tisa, na katika kila ngwe kila timu hupiga mpaka wachezaji wake watatu watolewe. Kwa hiyo huwezi kuupoteza muda ili ulinde ushindi. Huwezi kujilaza chini ukashika goti kama golikipa anayesubiri kipenga. Lazima umrushie mpinzani mpira, tena na tena, umpe nafasi ya kukumaliza, hadi mtu wake wa mwisho atolewe. Pili, msimu wa kawaida una mechi 162, karibu kila siku, kwa miezi sita. Hata timu bora hupoteza mechi 60 na kitu, na hakuna anayekosa usingizi. Tatu, baada ya mechi zote hizo huja mtoano wa Oktoba, ambamo mambo huamuliwa kwa mechi chache. Shabiki aliyeishi na timu yake redioni, jikoni na ndani ya gari tangu masika ya kwao hadi vuli, anaweza kubaki mikono mitupu kwa usiku mmoja.

Usiku ule Cubs walikuwa mbele kwa mechi 3 dhidi ya 2 za Florida Marlins. Kushinda kungewapeleka World Series, ambako hawakuwa wamefika tangu 1945. Ubingwa wenyewe waliutwaa mara ya mwisho 1908. Ngwe ya nane, Cubs 3, Marlins 0. Mpigaji mmoja wa Marlins ameshatolewa, wamebaki watano. Luis Castillo anapiga mpira unaopaa upande wa kushoto, nje ya mstari, na kushuka ukingoni mwa jukwaa. Moisés Alou wa Cubs anaruka na kunyoosha glovu. Mashabiki kadhaa nao wananyoosha mikono, kwa sababu katika besiboli mpira unaoangukia jukwaani ni wako, unakwenda nao nyumbani. Mkono wa mmoja wao unaugusa. Alou anaukosa, anarukaruka kwa hasira akiwaelekea watu wa jukwaani.

Kisha Castillo anapewa kituo cha kwanza bure. Iván Rodríguez anapiga, inakuwa 3–1. Miguel Cabrera anapiga mpira wa kuviringika kwa Alex Gonzalez, mlinzi wa Cubs, mpira ambao ungeweza kutoa watu wawili kwa mpigo na kuifunga ngwe. Unamponyoka. Derrek Lee anasawazisha. Ngwe inapoisha Marlins wamepata pointi 8, na ndivyo ilivyokwisha: 8–3. Kesho yake, katika mechi ya saba, Cubs waliongoza tena, wakashindwa 9–6. Hakuna mkono wa shabiki ulioingia katika mechi hiyo ya pili.

Ubora wa filamu ya Gibney ni kwamba inaupanga upya mfululizo huo mbele ya macho yetu. Tunauona mpira ule kutoka pembe nyingi, zikiwemo picha zilizopigwa na watu waliokuwa jukwaani, na katika kila pembe tunaona mikono mingi. Tunaona jinsi habari ilivyosafiri: waliokuwa ndani ya uwanja hawakuwa na marudio ya televisheni, lakini waliokuwa nje barabarani walikuwa nayo, na simu zikaanza kuita. Hasira ilitoka kwenye skrini ikaingia jukwaani. Kwa dakika kadhaa watu karibu 40,000 hawakujua mkosaji ni nani, halafu wakajua. Gibney ametengeneza filamu za uchunguzi maisha yake yote. Taxi to the Dark Side, kuhusu mateso ya wafungwa mikononi mwa jeshi la Marekani, ilimpatia Oscar. Anajua jinsi ya kuonyesha kundi la watu likigeuka.

Ubora wa pili ni kwamba hajifanyi yuko nje. Yeye ni shabiki wa Boston Red Sox, na filamu inarudi hadi tarehe 25 Oktoba 1986, pale mpira mwepesi ulipopita katikati ya miguu ya Bill Buckner na New York Mets wakashinda mechi ya sita ya World Series. Kumbukumbu ya watu inasema Buckner aliupoteza ubingwa. Lakini pointi ya kusawazisha ilishaingia kabla mpira haujamfikia, kwa mpira uliorushwa ovyo na Bob Stanley. Na mechi ya saba ilikuwa bado, mechi ambayo Red Sox waliongoza 3–0 kisha wakaitupa, 8–5. Filamu inafundisha vizuri kwamba kumbukumbu ya mshindwa haihifadhi mpangilio wa mambo. Huchukua tukio linaloonekana vizuri kwenye picha na kulipa uzito wa mengine yote.

Hata hivyo filamu hii ina kasoro, na kasoro hiyo imo ndani ya ubora wake. Ili kutuambia kwamba marudio ya televisheni yalimwangamiza kijana yule, inayarudia. Inapunguza mwendo, inasogeza picha karibu, inamzungushia duara. Nilipoitazama mara ya pili nilianza kuhesabu ni mara ngapi mkono ule unapanda, nikaacha kuhesabu kwa aibu ya kuwa mtazamaji. Filamu inamtafuta hata pale anapokataa kupatikana, na inageuza kukataa kwake kuwa fumbo la kutuvuta hadi mwisho. Alichokitaka ni kuachwa, na ndicho kitu pekee ambacho mpelelezi hawezi kumpa mtu. Kwa hiyo nasema hivi: Catching Hell ni uchunguzi mzuri wa umati, lakini bado ni kazi ya mtu aliyesimama ndani ya umati akiwa na kamera bora kuliko wengine.

Filamu inampa nafasi mchungaji kueleza mbuzi wa Azazeli, yule wa Mambo ya Walawi, sura ya 16, anayebebeshwa dhambi za watu na kufukuzwa jangwani. Maelezo ni mazuri, lakini ukiifungua sura yenyewe utakuta mbuzi ni wawili. Mmoja anachinjwa, mwingine anafukuzwa. Chicago nayo ilikuwa na mbuzi wawili, na Gibney anashughulika zaidi na yule wa pili. Yule wa kwanza anastahili kutazamwa kwa makini zaidi, kwa sababu ndiye aliyemtayarishia njia mwenzake.

Alikuwa mbuzi kweli, mwenye pembe na harufu. Tarehe 6 Oktoba 1945, William Sianis, mhamiaji kutoka Ugiriki aliyekuwa na baa mjini Chicago, alikwenda na mbuzi wake Wrigley Field kuangalia mechi ya nne ya World Series dhidi ya Detroit. Mbuzi akakataliwa. Inasimuliwa kwamba Sianis aliapa Cubs hawatashinda tena. Cubs wakashindwa mwaka ule, wakakaa miaka 71 bila kuiona World Series, na kila mwaka uliopita hadithi ikanenepa. Boston nao walikuwa na yao: kwamba tangu walipomuuza Babe Ruth kwa Yankees, biashara iliyotangazwa Januari 1920, wamelaaniwa. Kitabu cha Dan Shaughnessy, The Curse of the Bambino, cha mwaka 1990, kiliifanya laana hiyo kuwa msamiati wa kila nyumba.

Sisi wa pwani na bara hatuhitaji kuelezwa sana hapa. Tunajua mazungumzo ya kijiweni baada ya timu kufungwa: kuna kitu kilizikwa golini, kuna mtu alionekana alfajiri. Tunacheka, lakini tunacheka kwa tahadhari. Kwa hiyo sina dharau kwa laana ya mbuzi. Laana inamfanyia shabiki kazi fulani: inaunganisha vipande vya maumivu vilivyotawanyika katika miaka mingi na kuvifanya hadithi moja. Bila laana, 1945 na 2003 ni bahati mbaya mbili zisizojuana. Ukileta laana zinakuwa sura za kitabu kimoja, na aliyeteseka anapata heshima ya kuwa mhusika wa kitabu hicho.

Tatizo langu na kitabu cha Shaughnessy si ushirikina wake. Yeye mwenyewe anaandika kwa utani. Tatizo ni kile ambacho laana inakifunika. Red Sox walikuwa timu ya mwisho katika ligi kuu kumchezesha mchezaji mweusi. Jackie Robinson alianza na Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Pumpsie Green aliingia uwanjani akiwa na Red Sox mwaka 1959, miaka 12 baadaye. Linalouma zaidi ni kwamba Robinson mwenyewe alifanyiwa majaribio na Red Sox uwanjani kwao, Fenway Park, Aprili 1945, pamoja na Sam Jethroe na Marvin Williams. Hawakuitwa tena. Howard Bryant, katika kitabu chake Shut Out cha mwaka 2002, ameyaweka haya mezani: timu iliyokaa miongo ikishindwa ilikuwa pia timu iliyokaa miongo ikikataa kuona nusu ya vipaji vya nchi yake.

Weka vitabu hivi viwili pamoja na utaona tofauti kati ya sababu na mchawi. Sababu ina wenye mamlaka ndani yake: mmiliki, meneja, mtu aliyesema hapana na angeweza kusema ndiyo. Mchawi hana ofisi. Kila mara shabiki alipomlaumu marehemu Babe Ruth, aliyekuwa akipumua kwa nafuu ni mwenye timu. Na hapo ndipo mbuzi wa kwanza anapomtayarishia njia wa pili. Umma uliozoeshwa kwa miaka 58 kwamba kushindwa kwake kunatoka kwa nguvu isiyoonekana ulikuwa tayari, usiku wa 2003, kuamini kwamba nguvu hiyo imejionyesha hatimaye, imevaa kofia na vipokea sauti, na imeketi jukwaani.

Siku mbili baada ya usiku ule, tarehe 16 Oktoba 2003, Red Sox nao walikuwa wamebakiwa na wapigaji watano wa kuwatoa ili wafike World Series. Ngwe ya nane, wanaongoza Yankees 5–2. Meneja Grady Little alimwacha Pedro Martínez aliyechoka aendelee kurusha. Yankees wakasawazisha, na Aaron Boone akamaliza kazi katika ngwe ya 11. Little hakuongezewa mkataba. Natoa mfano huu makusudi, nisije nikaeleweka kwamba ninakataza maswali. Meneja analipwa mshahara ili aamue, na uamuzi wake unaweza kupimwa. Kumuuliza ni haki ya shabiki. Lakini shabiki aliyenunua tiketi akanyoosha mkono hakuwa na uamuzi wowote wa kupimwa. Alikuwa na mkono tu, kama wenzake walioketi kando yake. Gavana wa Illinois wakati ule, Rod Blagojevich, alifanya utani kwamba kijana yule asitarajie msamaha wa gavana akipatikana na kosa lolote. Watu walicheka. Miaka michache baadaye Blagojevich mwenyewe alihukumiwa kwa ufisadi, na Machi 2012 akaingia gerezani. Miongoni mwa waliotajwa katika kisa hiki, yeye ndiye aliyekuwa na mamlaka halisi, na ndiye aliyechagua kucheka na umati.

Mpira wenyewe haukunusurika. Uliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola 113,000, na Februari 2004 ukalipuliwa hadharani mjini Chicago, kamera zikiangalia. Ukitaka kujua kama laana ni utani mtupu, kumbuka kwamba watu wazima walilipa fedha hizo ili waue mpira.

Kuna njia nyingine ya kuandika kushindwa, ambayo haina mbuzi kabisa. A. Bartlett Giamatti, profesa wa fasihi ya Renaissance katika Chuo Kikuu cha Yale, alichapisha insha fupi mwaka 1977, The Green Fields of the Mind, baada ya Red Sox kushindwa siku ya mwisho ya msimu. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba besiboli imeumbwa kutuumiza: inaanza mimea inapochipua, inakua pamoja na jua, halafu inatuacha majani yanapoanguka, wakati hasa tunapoihitaji. Hakuna mkosaji. Kuna majira tu. Mwandishi huyo baadaye akawa kamishna wa besiboli, mwaka 1989, akafariki Septemba ya mwaka huohuo akiwa na miaka 51, na kifo chake kimeifanya insha isomwe kama wasia.

Ni insha nzuri, na kwa muda mrefu niliipenda bila masharti. Siku hizi naipenda kwa sharti moja. Faraja yake ni ya mtu ambaye ameshatulia, ameketi, anaangalia dirishani. Inaondoa mkosaji, ndiyo, lakini inaondoa pia watu wengine. Ndani yake kuna redio, mwanga wa jioni, mtu mmoja na mawazo yake. Hakuna jirani anayelia ngazi ya chini. Hakuna aliyevunja kiti. Hakuna aliyemwagiwa bia. Uchungu umegeuzwa hali ya hewa, na hali ya hewa haimdai mtu chochote kwa mwenzake. Usiku wa Wrigley Field, insha ya Giamatti isingeweza kumsaidia kijana yule kuvuka mita chache hadi mlangoni.

Roger Angell alifanya jambo gumu zaidi. Aliandika kuhusu besiboli katika jarida la The New Yorker kwa zaidi ya nusu karne, akafariki 2022 akiwa na miaka 101. Katika makala yake kuhusu World Series ya 1975, ambayo Red Sox waliipoteza kwa Cincinnati katika mechi ya saba, anafika kwenye ule mpigo maarufu wa Carlton Fisk katika ngwe ya 12 ya mechi ya sita. Kamera ilimnasa Fisk akiupungia mpira ubaki ndani ya mstari. Angell anaondoka uwanjani. Anawafuata kwa mawazo watu asiowajua, katika miji midogo na barabara za New England, kila mmoja akiruka na kupiga kelele mahali alipo. Kisha anauliza kwa nini mtu mzima ajali hivyo, na jibu lake ni kwamba kujali kwenyewe ndiyo mali. Anachojali mtu si muhimu kama uwezo wake wa kujali, na uwezo huo unaadimika.

Gibney anasogeza picha karibu mpaka abaki mtu mmoja, ilhali Angell anaisogeza mbali mpaka mtu mmoja awe maelfu. Tofauti hii naiona kuwa ya kimaadili kabla haijawa ya kiufundi. Na inafaa kukumbuka kwamba Angell aliandika akijua timu ile ilishindwa kesho yake. Hakusubiri ubingwa ndipo awape watu heshima ya furaha yao.

Mambo haya niliyaelewa vizuri zaidi msibani kuliko maktabani. Miaka kadhaa iliyopita tulimzika mjomba wangu, mtu ambaye hakuwa mzee wala mgonjwa wa muda mrefu. Siku ya pili ya matanga minong'ono ilianza: nani alikula naye mara ya mwisho, nani alikuwa na deni naye, kwa nini jirani fulani hajafika. Wanaume chini ya turubai walikuwa wameshapata majina mawili. Bibi mmoja mkongwe wa upande wa mama, aliyekuwa ameketi mkekani tangu asubuhi bila kusema neno, akaita kwa sauti: "Wanangu, mmekuja kumlilia au kumpeleleza?" Pakawa kimya. Mmoja akaenda kuchota maji. Kilio kikarudi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nikamsikia shangazi akimsimulia mjomba alivyokuwa hai.

Najua timu kushindwa si kifo, na sitaki kuvilinganisha kwa uzito. Ninachosema ni kwamba vinafanana kwa umbo. Vyote vinaacha watu wengi na uchungu mmoja usio na mahali pa kwenda, na vyote vina njia mbili za kuutoa. Kulia kunawaleta watu karibu na kile walichokipoteza. Kupeleleza kunawapeleka mbali nacho, kwenye uso wa mtu mwingine. Anayetafuta mchawi huacha kumkumbuka marehemu. Mashabiki waliokuwa wakimzomea kijana yule walikuwa wameacha kuangalia mchezo, na mchezo ulikuwa bado unaendelea, timu yao ikiwa bado inaongoza 3–0.

Maandishi bora kuhusu kushindwa kwa Cubs hayakuandikwa na mwandishi. Mwaka 2016 walitwaa ubingwa, miaka 108 baada ya ule wa mwisho, kwa kuifunga Cleveland 8–7 katika mechi ya saba iliyokwenda ngwe 10. Siku zile mashabiki walikwenda Wrigley Field na chaki, wakaandika kwenye kuta za matofali za nje ya uwanja. Waliandika majina. Mengi yalikuwa ya wafu: baba, nyanya, babu, kaka, watu waliosikiliza redio maisha yao yote wakaondoka kabla ya siku ile. Shabiki mmoja alisafiri mwendo mrefu kwa gari ili aisikilize mechi ya saba redioni, kando ya kaburi la baba yake.

Ukuta ule nausoma kama kazi ya fasihi, na kama mhakiki nauweka juu ya filamu na vitabu vyote nilivyotaja. Unasema wazi kitu ambacho laana na mbuzi vilikuwa vikikificha. Kilichokuwa kikiwauma watu miaka yote ile hakikuwa mpira uliomponyoka fulani. Ilikuwa ni hofu kwamba wale waliowafundisha kuipenda timu watakufa bila kuona. Kila Oktoba iliyopita bila ubingwa ilimpunguza mtu mezani. Huo ni msiba wa kweli, na unastahili kilio. Hauna mtuhumiwa, ila una majina, na majina yanaweza kuandikwa ukutani. Chaki haikukusudiwa kudumu, na haikudumu. Hilo nalo ni sahihi, kwa sababu matanga hayafanywi ili yadumu.

Mwaka 2017 klabu ilimpa kijana yule, ambaye wakati huo hakuwa kijana tena, pete ya ubingwa kama wanayopewa wachezaji. Wengi wamesimulia tendo hilo kama mwisho mwema, kisa kimefungwa. Mimi naona limechelewa na limesaidiwa sana na ushindi. Buckner naye alipigiwa makofi marefu Fenway Park Aprili 2008, baada ya Red Sox kuwa mabingwa mara mbili. Ni rahisi kumsamehe mtu wakati huna tena unachomdai. Kipimo cha umma wa mashabiki ni usiku uleule wa kushindwa, kabla pete haijapatikana. Usiku ule, ndani ya Wrigley Field, alikuwapo mlinzi mwanamke aliyemtoa kijana yule nje na kumpa hifadhi nyumbani kwake. Katika filamu nzima ya Gibney, huyo ndiye ningependa akae mbele ya kamera muda mrefu zaidi, lakini filamu ina haraka ya kurudi kwenye ule mkono.

Na kuna Cleveland. Usiku Chicago ilipokuwa ikitafuta chaki, Cleveland, ambao ubingwa wao wa mwisho ulikuwa wa 1948, walikuwa wameongoza mfululizo ule kwa mechi 3 dhidi ya 1, kisha wakapoteza tatu mfululizo. Nao wana baba na nyanya waliokwisha kuondoka. Uchungu ule haukwisha duniani, umehamia mji mwingine. Mtu wa Cleveland atakayeuandika vizuri hatahitaji mbuzi. Atahitaji redio, meza, viti vilivyobaki wazi, na majina ya waliokuwa wakivikalia.